Pikapu Mpya Inayotetema: Tuhesabu Kwanza, Tufungue Baadaye

SWALI: Fundi wetu wa safu hii, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Igoma, Mwanza, na ninafanya biashara ya vifaa vya ujenzi. Miezi minne iliyopita nilinunua pikapu mpya ya dabo kebini, ya dizeli, yenye giaboksi ya otomatiki, ikaletwa kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Tangu wiki ya kwanza, nikiwa barabara ya Musoma baada ya kupita Kisesa, gari likifika kilomita 85 kwa saa linaanza kutetema. Mtetemo unazidi kati ya 90 na 95, kisha nikivuka 105 unapungua sana. Ninausikia kwenye kiti na sakafuni zaidi kuliko kwenye usukani. Haujali asubuhi wala jioni, gari likiwa limepoa au limekwishafika Bunda. Walioniuzia wamebalansi magurudumu mara tatu na kufanya alaimenti mara moja, na safari ya mwisho msimamizi wao aliniambia kwamba pikapu zote ziko hivyo kwa sababu zimetengenezwa kubeba mzigo. Fundi wa mtaani kwetu naye ananishauri nibadilishe shokapu zote nne. Sitaki gari jipya lifunguliwe kipande kwa kipande kwa kubahatisha. Nianzie wapi? — Msomaji wa Igoma.

JIBU: Marahaba, na pole kwa usumbufu. Umenirahisishia kazi kwa kutaja kasi, kwa sababu wengi wanaoniandikia husema tu kwamba gari "linatetema", na hapo huwa sawa na mgonjwa anayemwambia daktari kwamba anaumwa, kisha akanyamaza. Mtetemo unaorudi kwa mpigo ule ule hutoka kwenye kitu kinachozunguka, na kila kinachozunguka ndani ya gari kina hesabu yake: magurudumu yana yao, propela ina yake, injini ina yake. Ukijua mpigo unapiga mara ngapi kwa sekunde, unajua mlango wa kubisha kabla hujashika spana.

Tuchukue tairi la ukubwa unaotumika sana kwenye pikapu za namna yako, 265/65 R17. Likizunguka mara moja linapita karibu mita 2.4 za barabara. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 10 na kidogo. Propela, yaani ule mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi kwenda difu (lile bunda la gia katikati ya ekseli ya nyuma), inazunguka mara nyingi zaidi kwa kadiri ya uwiano wa difu. Uwiano ukiwa 3.9 kwa 1, propela inafikisha mizunguko kama 40 katika sekunde hiyo hiyo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika inazunguka mara 30 kwa sekunde, na kwa kuwa katika injini ya silinda nne silinda mbili huwaka kila mzunguko mmoja, mpigo wa uwakaji unakuwa mara 60. Mwili hauzijui namba hizi, lakini unazitofautisha vizuri. Mpigo wa 10 au 12 unatikisa, unaona kioo cha ndani na mikono yako vikicheza. Mpigo wa 40 unavuma na kuwasha nyayo, kama ukisimama karibu na mashine ya kusaga. Wa 60 unausikia masikioni kuliko mwilini.

Kama unataka uhakika zaidi ya hisia zako, zipo programu za simu zinazotumia kihisio cha mwendo kilichomo ndani ya simu na kuchora grafu ya mtetemo. Iweke simu juu ya reli ya chuma ya kiti au sakafuni, si juu ya sponji ya kiti, mwachie abiria aisome, na wewe shika usukani. Kilele cha grafu kikisimama karibu na 10 na nusu ukiwa kwenye 90, na kikahamia karibu na 11 unapofika 95, hapo hakuna ubishi tena: ni gurudumu. Kikisimama karibu na 40, waambie waache magurudumu, watazame propela.

Kabla ya grafu, au pamoja nayo, fanya majaribio matatu ambayo hayana gharama. Tafuta kipande kilichonyooka, chenye lami nzuri na kisicho na watu wala mifugo, jambo ambalo katika njia ya Magu linataka subira, na uende na mtu wa kuandika. Jaribio la kwanza, ukiwa kwenye 92 na mtetemo umekolea, chagua gia ya chini moja kwa mkono, mizunguko ya injini ipande, huku kasi ya gari ikibaki ile ile. Mtetemo usipobadilika, injini haihusiki. La pili, panda hadi 105, sogeza lever kwenye N na uliache gari litembee lenyewe hadi 80. Usizime injini kabisa, kwa sababu usukani na breki vitakuwa vizito na unaweza kuufunga usukani. Mtetemo ukija na kuondoka katika kasi zile zile, chanzo kinazunguka pamoja na magurudumu wala hakitegemei nguvu ya injini. La tatu, gari likiwa limesimama, pandisha injini hadi mizunguko ile uliyokuwa nayo barabarani. Kukiwa kimya, mauntingi za injini, yaani mipira inayoishikilia, nazo zifute kwenye orodha.

Kwa maelezo yako naamini majaribio yote matatu yatakurudisha kwenye magurudumu, na kwa kuwa unausikia mtetemo kitini kuliko kwenye usukani, ningeanza na mawili ya nyuma. Kanuni hiyo ya usukani kwa mbele na kiti kwa nyuma ina mapengo yake, hasa kwenye pikapu ambayo kebini na bodi ya mzigo vimefungwa kila kimoja peke yake juu ya chasisi ndefu. Chasisi hiyo hujipinda kidogo na kupeleka mtetemo mahali usipoutarajia. Hata hivyo ni pa kuanzia.

Kuhusu kupungua kwa mtetemo baada ya 105, wengi hudhani kwamba gari "limejirekebisha". Sivyo. Kila kitu kilichokaa juu ya springi au mpira kina mpigo wake wa asili wa kucheza, na ekseli nzito ya nyuma pamoja na matairi yake hucheza kwa mpigo ulio karibu na huo wa mara 10 hivi. Waliozoea kuvuka kwa mtumbwi wanalijua jambo hili: yapo mawimbi madogo yanayokutikisa vibaya kuliko makubwa, kwa sababu tu yamekuja kwa mwendo unaolingana na mchezo wa mtumbwi wenyewe. Gari likivuka kasi hiyo hitilafu bado ipo, na nguvu yake imeongezeka, ila ekseli haiitikii tena.

Sasa turudi kwa walioniudhi kidogo katika barua yako. Alaimenti inaelekeza magurudumu. Ikiwa mbaya, gari linavuta upande na tairi linaliwa pembeni, lakini halizai mpigo wa kasi moja maalumu. Shokapu nazo hazizalishi mtetemo, kazi yake ni kuutuliza. Na kwenye gari la miezi minne ambalo halivuji mafuta kwenye shokapu wala halidundi mara tatu baada ya tuta, fedha hiyo ibaki mfukoni. Msimamizi aliyesema pikapu zote ziko hivyo ana robo ya haki. Springi bapa za nyuma zimepangwa kubeba hadi tani moja, kwa hiyo pikapu tupu hurukaruka kwenye mashimo na matuta, na hilo si ugonjwa. Lakini kurukaruka kwenye mashimo ni kitu kingine na kutetema kwa mpigo kwenye lami laini ni kitu kingine. Njia ya kumaliza mjadala ni kumwomba akupe pikapu nyingine ya aina hiyo hiyo, yenye matairi ya ukubwa ule ule, mwende wote wawili barabara ile ile kwa kasi ile ile. Ikitulia, neno "zote" limekwisha.

Kwa nini basi kubalansi mara tatu hakujasaidia? Hapa ndipo pana kiini cha swali lako. Kubalansi kunashughulikia uzito tu. Gramu 30 zikiwa zimezidi upande mmoja wa ukingo wa rimu ya inchi 17, kwa kilomita 90 kwa saa, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo tatu, na huvuta kila upande mara 10 kwa sekunde. Ndiyo maana vile vipande vidogo vya risasi vina maana kubwa. Lakini tairi linaweza kuwa na uzito uliolingana kila upande na bado lisiwe la mviringo kamili, au liwe na upande mmoja mgumu kuliko mwingine. Mashine ya kawaida ya kubalansi inalizungusha gurudumu hewani, haligusi chini, kwa hiyo haiwezi kujua. Itaandika sifuri kwa sifuri, fundi atakuonyesha kioo kwa fahari, na barabarani ekseli itaendelea kupandishwa na kushushwa mara 10 kwa sekunde.

Gari jipya linaweza kupata tairi la namna hiyo kwa njia zaidi ya moja. Kuna kasoro ya kiwandani, ambayo ipo ingawa si ya kila siku. Kuna pia kukaa: gari hukaa melini, likakaa bandarini, likakaa uani kwa muuzaji, miezi kadhaa likiwa limesimama juu ya sehemu zile zile za matairi, na upande ulio chini unakuwa bapa. Ubapa wa usiku mmoja au wiki moja huisha tairi likipata joto baada ya kilomita chache, lakini wewe umesema hata Bunda unafika nao, kwa hiyo kama ni ubapa basi ni ule uliokwisha kuwa wa kudumu. Tazama ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, na zitakuambia matairi ya gari "jipya" yana umri gani. Pima pia upepo matairi yakiwa yamepoa, uulinganishe na kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari huja melini yakiwa yamejazwa upepo mwingi makusudi ili matairi yasibonyee, na si kila muuzaji hukumbuka kuupunguza. Upepo uliozidi hauzai mtetemo, lakini unalifanya tairi liwe kama jiwe na kila kasoro ndogo ipenye hadi kitini.

Uduara wa gurudumu unaweza kuupima mwenyewe uani. Egesha mahali tambarare, weka vizuizi imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki na uweke stendi mbili chini ya ekseli. Usifanye kazi hii gari likining'inia kwenye jeki pekee. Weka gia kwenye N na uachilie breki ya mkono. Panga matofali mawili nyuma ya tairi, lalisha bisibisi juu yake hadi ncha ibaki na nafasi ya unene wa shilingi moja na sehemu ya katikati ya tairi, kisha zungusha gurudumu taratibu kwa mkono huku jicho likiwa kwenye ile nafasi. Utaona mwanga kati ya ncha na mpira ukiongezeka na kupungua. Mahali ncha inapokaribia kugusa, weka alama ya chaki. Mahali nafasi ni kubwa kabisa, weka nyingine. Tofauti ya milimita moja ni ya kuvumilika, lakini ikizidi milimita moja na nusu umepata mtuhumiwa. Halafu sogeza ncha kwenye ukingo wa rimu yenyewe na urudie. Rimu ikiwa imenyooka na tairi linapanda na kushuka, kosa ni la tairi. Vyote viwili vikicheza pamoja, ama rimu imepinda, ama haikukaa vizuri kwenye habu, yaani kile kitovu gurudumu linapofungwa.

Hilo la kukaa vizuri lisidharauliwe. Fungua gurudumu utazame uso wa habu na uso wa rimu unaougusa. Pikapu moja niliyowahi kuletewa ilikuwa imebalansiwa hadi risasi zikajaa ukingoni, na kumbe ndani ya rimu ya nyuma kulikuwa na donge la udongo mweusi wa mbuga, lililokauka na kushika kama saruji, limejificha upande ambao mtu haoni mpaka atoe gurudumu. Mwenye gari alikuwa amekwama nalo huko Misungwi wakati wa masika. Mnaopita njia za mbuga, osheni upande wa ndani wa rimu kabla ya kwenda kubalansi, la sivyo mnalipia kubalansi udongo. Nati nazo zikazwe kwa kuvukana kama nyota, kidogo kidogo, na mwisho kwa spana ya kupimia mkazo kulingana na kitabu cha gari. Mashine ya upepo ikimaliza nati moja kabisa kabla ya nyingine, rimu inaweza kukaa upande kwa kiasi usichokiona kwa macho.

Ukimpata mtuhumiwa, hamisha magurudumu ya nyuma mbele na ya mbele nyuma, uende tena barabara ile ile. Mtetemo ukitoka kitini ukahamia kwenye usukani, umethibitisha bila kununua hata nati. Dawa ya kwanza si tairi jipya: mwambie fundi alitoe tairi kwenye rimu na aligeuze nusu mzunguko, ili sehemu ya juu ya tairi ikae kwenye sehemu ya chini ya rimu, kisha abalansi upya. Matairi mengi mapya huwa na nukta nyekundu inayoonyesha mahali palipo pagumu au palipoinuka, na nukta ya njano inayoonyesha mahali pepesi. Nyekundu hupelekwa kwenye alama ya sehemu ya chini ya rimu kama ipo, na ya njano hupelekwa kwenye vali. Wachache hufuata nukta hizo, na hapo mtu hupata hasara ya bure. Isiposaidia, tairi hilo libadilishwe, na kwa gari la miezi minne gharama hiyo si yako kabla ya kuibishania.

Unapokwenda tena kwa muuzaji, usiende na maneno "gari linatetema". Nenda na karatasi: tarehe, kilomita zilizokwisha kutembea, kasi mtetemo unapoanza na unapoisha, matokeo ya yale majaribio matatu, kipimo cha bisibisi kwa kila gurudumu, na picha ya grafu ya simu kama unayo. Mwombe fundi wao mkuu akae kiti cha abiria nawe uendeshe, kwa sababu akiendesha peke yake kuzunguka Nyakato kwa kilomita 50 kwa saa atarudi akisema hajasikia kitu, na atakuwa amesema kweli. Kila safari omba nakala ya karatasi ya kazi yenye malalamiko yako kama ulivyoyasema. Kipindi cha waranti kikipita, nakala hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba tatizo lilianza mapema.

SWALI: Hongera kwa kazi nzuri, fundi. Mimi hubeba dagaa kutoka Lamadi hadi Mwanza kwa pikapu iliyofikisha mwaka mmoja. Niliongeza bamba mbili kwenye springi za nyuma, na miezi miwili iliyopita nikabadilishiwa senta beringi ya propela. Tangu hapo, nikiondoka na mzigo, kuanzia kilomita 20 hadi 45 kwa saa gari linatetema na kuguruma chini ya miguu, hasa nikikanyaga mafuta. Nikishafika 60 limetulia. Matairi ni mapya. — Mama Dagaa, Busega.

JIBU: Mama, wewe matairi yako yaache. Mtetemo unaotokea kwa kasi ndogo, ukiwa unavuta mzigo, ambao hupungua ukiachia mafuta, ni wa propela kwa kila dalili, na barua yako imetaja mambo mawili yanayoweza kuuleta, yote mawili yakiwa yamefanywa na mikono ya watu.

Propela ya pikapu ndefu ina vipande viwili, vinavyoshikwa katikati na hiyo senta beringi, na kila mahali inapopinda pana krosi, yaani kiungo chenye umbo la msalaba. Krosi ikifanya kazi kwa pembe, upande unaoingia huzunguka kwa mwendo ulio sawa, lakini upande unaotoka huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Waliobuni mfumo huu waliliondoa tatizo hilo kwa kupanga krosi zikabiliane, ili ya mbele ikiharakisha ya nyuma ichelewe kwa kiasi kile kile. Mpango huo una masharti: uma za propela, yaani zile ncha zilizogawanyika zinazoshika krosi, ziwe zimepangwa katika mstari wake wa asili, na pembe zilingane. Fundi anapobadilisha senta beringi hulazimika kuvitenganisha vipande viwili, na sehemu inayoingiliana kwa meno inaweza kurudishwa katika nafasi nyingi. Asipoweka alama kabla ya kutenganisha, akarudisha jino moja au mawili pembeni, mpango wote umevurugika, na propela inatingisha gari ingawa kila kifaa ni kipya. Kwa hiyo jambo la kwanza, mwombe alale chini ya gari na tochi, atazame uma za pande mbili kama zimeelekea sawasawa na kitabu cha gari hilo, na kama kuna alama za rangi za kiwandani azikutanishe. Ni kazi ya saa moja.

Likishaondolewa hilo, tazama kimo. Bamba ulizoongeza zimeinua nyuma, na pua ya difu haielekei tena mahali ilipokuwa ikielekea. Simu ina kipima usawa. Fundi akiilaza ubavuni mwa propela ya mbele, kisha ya nyuma, kisha kwenye uso wa difu, atapata pembe tatu za kulinganisha, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, na likisimama kwa magurudumu yake. Pembe zikiwa mbali na zilizopendekezwa, zipo kabari za chuma za kuweka kati ya springi na ekseli, na zipo shimu za kushusha kidogo bano la senta beringi. Ningekushauri pia ujiulize kama bamba mbili zilihitajika. Gunia la dagaa wakavu ni jepesi kwa ujazo wake. Bodi inajaa hadi juu kabla tani haijafika, kwa hiyo huenda uliziongeza kwa kuogopa kimo cha mzigo na si uzito wake. Toa bamba moja, upime tena.

Endapo umebanwa na safari kabla hujapata nafasi ya gereji, ondoka taratibu na usikanyage mafuta kwa nguvu katika kasi hizo. Usiendelee hivyo kwa miezi, kwani senta beringi hiyo mpya itakufa mapema, na nyuma yake sili ya giaboksi itaanza kuvuja.

SWALI: Pikapu yangu haitetemi kabisa ikikimbia, ila nikifunga breki kutoka 80 usukani unacheza kushoto na kulia. Ina miezi saba tu. Vijana wanaoniosheshea gari ufukweni wanasema ni balansi. — Msomaji wa Kirumba.

JIBU: Si balansi, balansi mbovu haisubiri breki. Unene wa diski za mbele haulingani tena, na kila sehemu nene inapopita kwenye pedi inashikwa zaidi. Kwa gari changa namna hiyo ninaitilia shaka nati zilizokazwa kwa mashine ya upepo bila mpangilio, ambazo huiacha diski ikae upande na kuliwa polepole mahali pamoja. Na hao vijana nao niwaulizie: je, unafika kwao ukiwa umetoka safari, diski zikiwa za moto, na wao wanaanza kumwagia ndoo ya maji ya ziwa kwenye rimu? Subiri angalau nusu saa kabla ya kuosha. Kwa sasa mwambie fundi apime unene wa kila diski kwa maikromita katika sehemu nane za mzunguko, na apime kucheza kwake pembeni diski ikiwa imefungwa kwenye habu iliyosafishwa. Kama unene utabaki juu ya kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye diski yenyewe hata baada ya kuchonga, zinaweza kuchongwa. Kama umeshuka, zinunuliwe mbili kwa pamoja pamoja na pedi zake, na nati zifungwe kwa mkono.